Kilo Sita za Wegesa

Kilo sita ndani ya miezi mitatu! Wegesa alishuka kwenye mzani akitabasamu, akisubiri kupongezwa. Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia waziwazi kwamba goti lake la kulia limekwisha, linahitaji upasuaji, ila kwanza apunguze kilo kumi kutoka tisini na sita alizokuwa nazo. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye shamba na ng'ombe wa kukamua kule Kemambo, atafanya nini bila goti? Basi alijinyima. Jamani, alijinyima mpaka harufu ya chapati za jirani ikawa inamtoa machozi.

Lakini Lilian, mtaalamu wa lishe pale hospitalini, hakumpongeza. Alimpa kifaa cha kubana kwa kiganja kupima nguvu, akatazama namba, akaiandika. Akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni, kisha mguuni, akaandika tena.

"Mama, uzito umepungua kweli," alisema mwishowe. "Ila mafuta mengi bado yapo. Sehemu kubwa ya kilichoondoka ni misuli. Goti likitengenezwa leo, mguu wenyewe hautakubeba. Daktari hatakupangia tarehe ukiwa hivi."

"Hatanipangia? Na njaa yote hii?"

"Unakula nini kwa siku?"

"Ugali, mboga za majani, mchuzi kidogo."

"Mayai? Maziwa? Nyama? Maharage?"

"Mwanangu, si napunguza mwili!"

Lilian akaweka kalamu chini. "Nani alikwambia uache hivyo vyote?"

Wegesa aliona aibu kumtaja mume wake mbele ya binti mdogo.

Lilian akamwandikia kwenye karatasi, akimweleza polepole. Kwa mwili wake, na kwa kuwa figo zake ni nzima, anahitaji kama gramu themanini hadi tisini za protini kwa siku, zigawanywe kwenye milo yote. Mayai mawili asubuhi yanampa kumi na mbili hivi. Nusu lita ya maziwa, kumi na sita. Bakuli la maharage, kumi na tano. Kipande cha samaki au nyama kinachojaa kiganja, ishirini na tano. Dagaa wakavu kiganja kimoja jioni, amemaliza. Cha kupunguza ni ugali, sukari na mafuta ya kukaangia.

"Mwili ukinyimwa protini wakati unapungua, unaila misuli yake wenyewe," alisema Lilian.

Njia nzima ya kurudi, Wegesa alikuwa anachemka. Kwani vitu hivyo vilikuwa wapi? Si nyumbani kwake! Nani anakamua? Yeye. Nani anaokota mayai? Yeye. Nani anasonga, anakata nyama, anaonja chumvi? Yeye! Lakini marehemu mama mkwe alimfundisha tangu mwezi wa kwanza wa ndoa kwamba katika ukoo ule mke hali mayai, na bakuli la nyama linaanza kwa wanaume. Mke anapata kilichobaki, na mara nyingi kinabaki mchuzi. Miaka thelathini alikubali.

Tena daktari aliposema apungue, mume wake Nyangwine ndipo akajifanya muuguzi. Kila kipande kilichoangukia sahani ya mke wake alikichomoa. "Nakusaidia, Mama Vincent. Nyama ndiyo inanenepesha." Lakini ugali? Thubutu! Hakuna aliyewahi kugusa ugali wake. Nyumba ile ugali ndio chakula, na nyama ni starehe. Nani ananenepa kwa chakula?

Jumapili akaja shemeji yake, Nchagwa, mdogo wake Nyangwine. Jogoo akachinjwa. Wegesa akapika, akapakua, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akajiwekea paja zima, na tonge moja la ugali. Akakaa mezani nao.

Mkono wa Nyangwine ukaja, umezoea njia. Ukalibeba lile paja mpaka sahani ya Nchagwa.

"Huyu ni mgonjwa," alieleza. "Hospitali wamemkataza."

Nchagwa akacheka. "Mura, kaka yangu, angekula hili angepasua kiti!"

"Rudisha," alisema Wegesa.

Walidhani anatania.

"Rudisha, Nchagwa! Hospitali hawakunikataza. Aliyenikataza ni ndugu yako, na hakusomea popote! Wamenipima. Mguu umekonda, mafuta yamebaki, na upasuaji hakuna. Zile kilo sita mnajua zimeenda wapi? Mmezila ninyi! Kila alipochomoa kipande kwenye sahani yangu, alikuwa anachomoa mguu wangu, anautafuna mbele yangu, na mimi namwambia ahsante!"

"Mama Vincent, mbele ya mgeni..." alianza Nyangwine.

"Mgeni gani? Si huyo anakula mguu wangu!"

Akakusudia kuinuka awaachie meza yao. Akashika ukingo wa meza, akasukuma. Mwili ukapanda kidogo, mapaja yakatetemeka, akarudi chini. Akasukuma tena. Sahani zikagongana, mchuzi ukamwagika, na Wegesa akabaki palepale alipokuwa.

Nchagwa aliacha kucheka. Nyangwine alizunguka meza haraka, akamshika mkono juu ya kiwiko kumwinua, na vidole vyake vikazama kwenye nyama tepetepe, mahali ambapo zamani palikuwa na msuli mgumu. Akautazama ule mkono. Akamtazama mke wake usoni.

"Mimi nilidhani unapona," alisema kwa sauti ndogo.

"Niachie," alisema Wegesa, machozi ya hasira yakimtoka. "Nirudishie paja langu."

Nyangwine akaliinua kutoka sahani ya mdogo wake kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya mke wake. Na Wegesa, bila kumngoja mtu aanze, akala.