Utepe Wenye Pindo

Fundi cherehani mmoja, mjane wa makamo aliyezoea kuongea huku kabana pini midomoni, alikuwa amebakiwa na hamu moja tu duniani: chumba chake mwenyewe cha kushonea, chenye dirisha pana la kuingiza mwanga. Siku zote alishonea kwenye baraza la jirani yake, fundi viatu, na harufu ya gundi ilikuwa inaingia mpaka kwenye magauni ya maharusi. Kiwanja alikuwa nacho, aliachiwa na marehemu mumewe, pale bondeni karibu na daraja, watu wanakopita asubuhi na jioni. Kilichokosekana ni kibali cha halmashauri.

Na hapo ndipo penye mtihani, maana afisa mipango wa halmashauri alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee.

"Mimi kwenye uamuzi wako simo, mama," mkwe alimwambia mapema, wakimenya viazi jikoni. "Nimejitoa, kamati ndiyo itakayoamua. Ila utepe utafungwa, kama kwa watu wote."

Utepe wenyewe ulikuwa desturi ya halmashauri ile. Mtu akiomba kujenga karibu na mto, kiwanjani pake husimikwa ufito, ukafungwa utepe mwekundu pale yalipofika maji ya yale mafuriko makubwa. Huachwa siku kadhaa mwenyewe autazame, kisha kamati huja kusimama kando yake na kuamua.

Fundi akaenda kuutazama. Ukamfika kidevuni.

"Uongo!" akauambia.

Akavua futi yake shingoni, akaupima. Ulikuwa pale pale kidevuni. Mafuriko yale yeye hakuyaona, alikuwa kwa dada yake akimuuguza, na mtu haogopi maji asiyoyaona. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Shetani naye si mvivu. Akaufungua utepe, akaufunga upya chini ya goti.

Hapo jicho lake likaziona ncha za utepe: zimefumuka, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Fundi gani anaacha kitu hivyo? Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akakunja pindo jembamba huku na huku, akakata uzi kwa meno. Akaenda zake, moyo mweupe kabisa.

Siku ya kamati alikuja mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu mwenye kitambi cha heshima, pamoja na mhandisi wa mifereji. Mkwe aliwafuata nyuma, kazi yake kueleza tu. Fundi viatu naye alifunga kazi akaja, maana uhondo hausimuliwi.

Mhandisi akasimama mbele ya ufito, akajikuna kichwa. "Mbona maji yameshuka? Huu utepe niliufunga mwenyewe."

"Labda umechoka kusimama," fundi viatu akasema, "umeamua kukaa."

Mkwe akainama, akaushika utepe, akaupitisha vidoleni. Lile pindo alilijua. Gauni lake la harusi lilikuwa na pindo hilo hilo, mishono midogo kama mayai ya sisimizi. Akang'ata mdomo asicheke.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Halmashauri hatukunji pindo."

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwenyekiti ndiye aliyeanza, kitambi kikitikisika, kisha wote wakaangua kicheko.

"Njia ya mwongo fupi," mwenyekiti akasema akifuta machozi, "lakini hii jamani imeshonwa!"

Mkwe akaurudisha utepe mahali pake, akamshika mama mkono, akamsimamisha kando yake. "Tazama, mama. Maji yakija, wewe utabaki pua. Na cherehani je? Sitaki kuja kukuopoa kwa wavu."

Fundi akatazama, safari hii kwa macho ya kweli. Sauti ikamnywea. "Kwa hiyo ndiyo mmeninyima?"

"Hatukunyimi kujenga," mhandisi akamjibu. "Tunakunyima kujenga chini. Sakafu ipande juu ya utepe, ikae kwenye nguzo, na chini paachwe wazi maji yapite. Ukiyazuia, utayasukumia kwa jirani."

"Na wateja wangu wazee? Watapanda kwa mabawa?"

"Utawekewa njia ya mteremko, isiyo na ngazi," mkwe akasema. "Hata mwenye bakora atafika."

Fundi akatoa pini midomoni. "Kumbe ni kupandisha pindo tu! Si mngesema tangu asubuhi?"

Mwenyekiti akapitisha.

Nyumba ikasimama juu ya nguzo zake kama mama aliyeinua gauni avuke dimbwi. Msimu wa mvua mto ukatoka kitandani, ukapita chini ya sakafu ukinung'unika, ukaishia chini kidogo ya ule utepe, ambao sasa ulifungwa kwenye nguzo, na pindo lake. Juu, cherehani iliendelea kucharaza dirishani, na mkwe akinywa chai kando yake.

Mara mteremkoni akatokea fundi viatu, suruali kaikunja, sanduku la kazi kichwani. Baraza lake lilikuwa limejaa maji.

"Karibu, jirani," fundi akasema. "Ila gundi iache nje."

"Nje ipi, bibie? Nje yote imechukuliwa."

Akaingia nayo.