Kitambaa cha Akiba

Mvua zilipokatika tu, fundi cherehani akaanza kuhangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliketi, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Kila kiangazi kilipoingia alijishonea gauni jipya, na kila gauni alilikata kwa kiuno alichokusudia kuwa nacho, si alicho nacho. Ndiyo maana nyuma ya mlango wake yalining'inia magauni mazuri yasiyowahi kuona jua.

"Haya, mwaka huu tunajidanganya kwa rangi gani?" aliuliza dada yake, aliyekuja kuchukua sketi aliyopanuliwa.

"Ya machungwa. Na safari hii sitanii."

"Mdogo wangu, hata mwaka jana hukutania." Dada akaigeuza sketi nje ndani, akachungulia mishono. "Hivi, kwa nini wateja wote unatuachia kitambaa cha akiba humu?"

"Si mtu hubadilika, dada! Leo kanenepa, kesho kakonda, keshokutwa ana mimba. Lazima nguo imvumilie."

"Na yako?"

Dada akachukua sketi yake, akaenda zake.

Fundi akabaki akiizunguka meza, mkasi mkononi. Alifuta mstari wa chaki wa kiuno kitambaani, akauchora nje zaidi, akaufuta tena. Mwishowe akaurudisha kule kule nje, akakata upesi kabla aibu haijamshika mkono.

Jioni gauni likamkaa sawasawa. Jua lilikuwa bado lipo. Akatafuta kisingizio cha kubaki ndani, akakikosa.