Santuri ya Ngazi, Filamu ya Stesheni

Ukimpa kinyozi huyu kichwa chako, anakurudishia na filamu juu yake. Ndiyo sheria ya kiti chake. Unakaa, anakufunga kitambaa shingoni, anaweka santuri kwenye gramafoni iliyo kando ya kioo, kisha anakuuliza habari za nyumbani, na kabla mashine haijafika kisogoni ameshajua unaumwa na nini. Umegombana na mkeo? Kuna ile ya mtu na mkewe waliogawana nyumba kwa mstari wa chaki, katazameni wote wawili. Umefiwa? Achana na za kulia, utalia mpaka upasuke. Tafuta ile ya mwizi wa kuku. Usingizi hauji? Kuna bibi mmoja aliyeimba zamani kwa sauti ya kubembeleza, lakini sikiliza upande wa pili, wa kwanza una ngoma nyingi.

"Akili ni nywele," husema akipangusa shingo ya mteja, "kila mtu ana zake. Na filamu vilevile."

Ubaya wake ni mmoja, na mtaa mzima unaujua: mdomo wake hauna breki. Kaa naye mbele ya filamu aliyokwisha kuiona, atakwambia nani atakufa kabla mwenyewe hajaanza hata kukohoa. Watu walimvumilia, wakachoka, wakamwita Tangulia. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mtu pekee aliyeendelea kukaa naye ni dada yake mkubwa, mjane, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, anayekaa nyumba ya jirani. Naye alikaa kwa sharti. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuja kwa mdogo wake, akajitupa kwenye kochi, akasema neno lake lile lile: "Weka filamu, fumba mdomo." Kinyozi alifumba kadiri alivyoweza, na si sana.

Sasa, wawili hawa walikuwa na desturi ambayo huikuti kwingine. Walipokuwa vijana, baba yao mdogo aliendesha mashine katika jumba la sinema. Filamu bubu za zamani zililetwa bila sauti yoyote, fupi fupi, na watazamaji walipiga miluzi kwa kukosa la kusikiliza. Baba mdogo akawakalisha ndugu hawa chini ya pazia na gramafoni. Ndipo kila filamu ikapata santuri yake. Ile ya mpaka rangi anayehangaika na ngazi, waliyoiita Ngazi, wakaipa santuri ya tarumbeta. Ile ya msichana aliyefiwa na mama yake, akapanda treni na kumwacha mchumba amesimama, waliyoiita Stesheni, wakaipa santuri ya fidla. Jumba lenyewe leo linauza magodoro, lakini wao hawakuachana na desturi yao. Filamu inawekwa kwenye mashine ya diski, sindano ya gramafoni ya nyumbani inashushwa pale jina linapotokea, na ngazi inateleza pale pale tarumbeta inapokoroma. Wamezitazama hivyo mpaka wamezeeka nazo.

Basi siku moja simu ya kinyozi ikalia akiwa kazini. Alikuwa mpwa wake, binti pekee wa dada, anayeishi mji wa mbali na mume na watoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekwenda chini?"

"Mjomba, niambie ukweli. Mama anaona? Juzi tumeongea kwa video, muda wote alikuwa anaongea na ukuta."

"Mama yako na simu hawajapatana tangu zamani."

"Mimi sitanii. Anakaa peke yake na jiko la gesi. Kama macho yamekwisha, nakuja kumchukua akae na mimi. Wewe uko naye karibu, mwangalie unijibu."

Kinyozi akasema sawa, atamwangalia. Akakata simu, akarudi kwa mteja, na kwa mara ya kwanza kichwa kizima kikanyolewa bila filamu. Alikuwa anawaza Jumapili zake. Watoto wake mwenyewe walikwisha kutawanyika, mkewe alikuwa na shughuli zake za kanisa na kwaya, na filamu bubu zilimpa kichefuchefu. Dada akichukuliwa, kochi litabaki na nani? Nani atamwambia afumbe mdomo?

Jumapili iliyofuata akaweka Ngazi, akaketi kimyakimya akimwangalia dada badala ya filamu. Akamwona anacheka pale pale pa kuchekwa. Rangi ilipomwagikia mwenye nyumba, dada alikuwa ameshaanza kujipiga mapaja. Kinyozi roho ikamtulia kwatu. Akampigia mpwa wake: "Mama yako anaona kuliko mimi. Lala usingizi."

Alijidanganya kwa hiari, tuseme hivyo. Maana mambo mengine aliyaona na akayapita. Dada hakupitia tena barabara ya sokoni, alizunguka akifuata ukuta. Chai aliimimina kidole kikiwa ndani ya kikombe. Na kubwa kuliko yote, alikataa filamu mpya. Mteja mmoja alikuwa amemletea kinyozi diski ya filamu bubu ambayo ndugu hawa waliisikia tu tangu ujana na hawakuwahi kuiona, kitu cha kutafutwa kwa tochi. Kinyozi alimpelekea dada habari mbio. Dada akasema, "Kipya kinanichosha. Tuwekee zetu." Miezi ikapita, diski iko juu ya kabati na plastiki yake. Kinyozi aliumia. Mtaa mzima unachukua ushauri wako, halafu ndugu yako wa tumbo moja anakukatalia!

Ikaja Jumapili nyingine. Dada akaagiza Ngazi. Kinyozi alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyesinzia kwenye kiti akanyolewa na nyusi, na unajua mdomo ukiwa kazini mikono hufanya nusu ya kazi. Akatoa santuri ya tarumbeta kwenye jalada lake, akaiweka. Akabonyeza mashine ya diski bila kuifungua. Birika likaanza kupiga kelele jikoni, akashusha sindano kwa mazoea na kukimbilia chai.

Akiwa jikoni alisikia tarumbeta zimepamba moto, na dada anacheka sebuleni. "Mwone, mwone, inateleza hiyo! Mjinga huyu hajifunzi." Kinyozi naye akacheka peke yake, akapanga vikombe kwenye sinia, akaja.

Kwenye televisheni, mama mgonjwa alikuwa anakata roho. Binti amemshika mkono, amepiga magoti kando ya kitanda. Ilikuwa Stesheni, iliyosahaulika ndani ya mashine tangu wiki iliyopita. Na dada, ameelekeza uso wake hapo hapo, alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Kinyozi alisimama na sinia. Kwanza alitaka kumtania. Halafu likamwingia, akaweka sinia chini sakafuni. Akaenda akainua sindano.

"Mbona umezima?" dada akauliza. "Mwenye nyumba bado hajamwagiwa."

"Unatazama nini, Dada?"

"Natazama Ngazi. Si umeiweka mwenyewe?"

"Hii ni Stesheni. Mama yake anakufa."

Vidole vya dada vikatafuta upindo wa gauni, vikawa vinaupapasa kama anayetafuta mshono ulioachia.

"Wewe nawe," akasema mwishowe, "kazi moja tu uliyofundishwa na baba mdogo, umeshindwa."

"Tangu lini?"

"Yalianza pembeni. Kama mtu anavuta mapazia, leo kidogo, kesho kidogo. Sasa hivi naona mwanga wa dirisha, na kivuli chako. Hicho nakijua kwa ukubwa wa tumbo."

"Ungeniambia, Dada."

"Nikuambie wewe? Kabla jioni haijaingia mtaa mzima ungejua, na mwanangu angekuwa njiani. Ananipenda, najua. Atanikalisha kwenye kiti kizuri karibu na dirisha na kuniuliza kama nimekula. Hapa Jumapili nilikuwa mtu. Santuri inalia, najua niko wapi, najua anayefuata nani." Akavuta kamasi. "Haya, usinililie. Weka santuri yake. Anza mwanzo. Na leo fungua mdomo."

Neno hilo kinyozi alikuwa amelisubiri maisha yake yote, na lilipokuja likamkuta hana sauti. Akaweka fidla, akarudisha filamu mwanzo, akakaa karibu na dada mpaka mabega yakagusana. Akaanza kwa kubabaika: kuna nyumba, kuna ua, kuna msichana anaanika nguo. "Shati la mikono mirefu," dada akadakia, "na kibanio kimoja kakishika kwa meno." Ndiyo, kimoja kwa meno. Polepole ulimi ukafunguka. Akamwelezea mama anavyodhoofika, kofia ya mchumba, mizigo, moshi wa treni. Dada alikuwa ameegemea nyuma, amefumba macho, anatikisa kichwa akifuata fidla.

Wakafika mwisho. Treni inaanza kuondoka, msichana yuko dirishani, kijana amesimama na kofia mkononi. Kinyozi akamtazama dada yake, akaona uso ule, akaona kiti kizuri karibu na dirisha katika mji wa mbali. Huruma ikamzidi nguvu.

"Ameshuka," akasema. "Msichana ameshuka, Dada. Anamkimbilia."

Fidla ikaendelea. Dada akafumbua macho yake yasiyoona.

"Nani kashuka?"

"Msichana."

"Msichana huyu hajashuka tangu mimi nina meno yote. Leo kashuka kwa sababu mimi kipofu?"

Kinyozi akaitazama treni inayokwenda zake.

"Nisikilize, mdogo wangu. Kama unanidanganya kwa filamu niliyoiona, zile nisizoziona nitakuaminije? Nikikuuliza chumvi ni ipi na sukari ni ipi? Nikikuuliza gauni hili lina doa? Macho niliyonayo ni mdomo wako, na mdomo wenyewe ndio huo."

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, na ya kinyozi iliishia hapo kwenye kochi. Akainamisha kichwa.

"Nilimdanganya na mwanao. Aliniuliza, nikamwambia unaona kuliko mimi."

"Ulidhani naona?"

"Nilitaka uone. Ukiondoka mimi nitabaki na nani?"

Dada alimpapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika. Walikaa hivyo mpaka fidla ikaisha na sindano ikabaki inakwaruza.

"Mpigie," dada akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nikisikia."

Kinyozi akapiga. Mpwa alipopokea, kinyozi hakungoja shikamoo. "Mwanangu, nilikuambia uongo. Mama yako haoni. Nilikuwa naogopa utamchukua, basi." Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kulia. Dada akanyoosha mkono apewe simu.

"Usilie, mama. Kosa letu wote wawili, mimi na mjomba wako, hakuna wa kumcheka mwenzake. Njoo. Unipeleke kwa daktari wa macho, nikasikie anasema nini. Akisema niende kwako, nitakwenda." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si leo. Leo tuna filamu."

Akamrudishia mdogo wake simu, akajipanga vizuri kwenye kochi.

"Ile mpya bado unayo?"

"Ipo. Lakini haina santuri yake, Dada. Itakuwa kimya tupu."

"Ndiyo ninayoitaka. Ilete." Na yeye, aliyemfunga mtu mdomo miaka nenda miaka rudi, akauliza, "Inaishaje?"

Kinyozi alikuwa anachana plastiki kwa kucha. "Sijui."

"Wewe hujui?"

"Sijaitazama. Nilikuwa nakungoja."

Diski ikaingia. Safari hii kinyozi aliifungua mashine, akatoa ya zamani, akahakikisha mara mbili. Chumba kikawa kimya, hakuna tarumbeta wala fidla, mlio mdogo wa mashine tu.

"Sema," dada akamwambia.

"Kuna maandishi. Yamekwisha. Kuna barabara, ina matope. Anakuja mzee na mwavuli. Mvua hakuna, lakini ameufungua. Anasimama mbele ya mlango."

"Mlango rangi gani?"

Kinyozi aliangalia. Ulimi ulikuwa tayari una rangi ya buluu, nzuri kabisa, ya kumfurahisha mtu. Akaimeza.

"Sijui, Dada. Hii haina rangi, ni nyeupe na nyeusi tu."

"Najua," dada akasema, na akamwegemea begani. "Endelea."