Sala ya Kufunga Mkutano

Rahab alimaliza kuosha mguu wa kushoto wa mjukuu wake Lynn, akashika wa kulia, akausugua mpaka mtoto akalalamika.

"Shosho, unaniumiza."

"Vumilia. Ukitoka hapo kuna viazi kwa sufuria."

Kila mlango wa mtaa wa Kambi Betri una karai la maji kizingitini, na hakuna anayeingia na vumbi la nje, hata awe mgeni wa heshima. Maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi, na bei ilikuwa imepanda tena. Wiki hiyo Rahab alipunguza makaa, akapunguza sukari, lakini maji ya karai hakuyagusa.

Vumbi hilo lilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Wenyewe waliuza mashine, wakafunga geti, wakatoweka, wakaacha udongo uliojaa madini ya risasi. Daktari ndiye aliyewafungua watu macho alipopima damu ya watoto. Ya Lynn ilikuwa mbaya. Mtoto aliyekuwa akisoma vibandiko vya magunia ya mbolea kabla hajaanza shule, sasa alisahau leo alichofundishwa jana. Rahab aliumia, na kuumia kwake kulikuwa na hasira ndani.

Asubuhi hiyo alimwachia jirani amuuzie viazi vyake vya Kabazi, akajifunga kitambaa kichwani, akavuka barabara. Kulikuwa na mkutano kuhusu soko litakalojengwa kwenye kiwanja kile. Wakazi walikwisha kukubaliana wanachotaka: udongo ule uchimbwe na kubebwa kabla jiwe lolote halijawekwa, na watu wa mtaa wawe ndani ya kamati ya mradi, waone kwa macho yao ukibebwa.

Hema lilikuwa moja, na chini yake walikaa wageni. Wakazi walikaa juani. Afisa wa mradi, Bwana Wanyoike, kijana mwenye viatu vilivyong'aa, alifungua picha kubwa ya rangi. Kwenye picha kulikuwa na vibanda vya soko, miti na watu wanene wakicheka. Hakuna aliyemtambua mtu yeyote pale.

Joan, msusi wa pale kona, alinyoosha mkono.

"Boss, soko ni poa. Lakini udongo mnaupeleka wapi?"

"Hakuna haja ya kuupeleka mahali. Tutamwaga changarawe ya murram, tuweke simiti juu. Iko sawa kabisa."

"Na mvua ikinyesha? Hii maji yote inashuka kwetu."

"Hayo ni ya wataalamu, madam."

"Na kwa kamati, ni nani wa hapa?"

Wanyoike aliangalia saa. "Kamati ilishaundwa. Lakini nyinyi mmehusishwa. Hii ya leo ndiyo public participation yenyewe."

Watu walianza kuguna. Afisa alipandisha sauti, akashukuru kila mtu kwa kufika, akasema muda umekwisha. Kisha akamgeukia chifu wa eneo, Mzee Kiprotich, ambaye naye, kwa mazoea ya miaka, akamtafuta Rahab kwa macho.

"Mama Rahab, tufungie na maombi."

Sala za Rahab zinajulikana. Amewazika watu, amebariki darasa la chekechea, hata choo cha umma alikiombea siku kilipofunguliwa. Chai nyingi imepoa akiwaombea walioipika. Kwa hiyo alipoinuka, kofia zilivuliwa na macho yakafungwa.

"Siombi," Rahab alisema.

Macho yakafunguka. Wanyoike alicheka kidogo. "Mathe, ni sala tu. Ata fupi."

"Najua ni fupi. Nikisema amina, mtaenda kuandika mkutano ulifungwa kwa maombi, watu wakaridhika. Mjukuu wangu ako na sumu kwa damu. Mimi sijaridhika, na siwezi simama hapa nimdanganye Mungu mchana."

Akakaa. Kichwa alikiinua.

Chifu alimwita Muturi, mchungaji wa kanisa la mabati. Muturi alisimama, akajikuna shingo.

"Chifu, huyu mama ndiye alinifundisha kuomba. Nikimruka itakuwa kukosa adabu."

Naye akakaa. Chifu alimwangalia Micah wa duka. Micah akageuka kuangalia mlima, kana kwamba hajawahi kuuona. Vicheko vikapita huku na huku, kisha vikanyamaza.

"Sawa," Wanyoike alisema. "Nitaomba mwenyewe. Tufunge macho."

Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaanza kushukuru kwa siku njema na kwa viongozi. Kambi Betri nzima ilimtazama. Mamia ya macho yalikuwa wazi juani, na hakuna aliyepepesa. Rahab aliwatazama majirani zake, hawa wanaonunua maji ya kuoshea miguu, na kifua kikamjaa fahari mpaka akataka kulia.

"... Amina," alisema Wanyoike.

Hakuna aliyejibu.

Alifungua macho. Akangoja. Dereva wake alikuwa ameshawasha gari, na afisa akaanza kukunja ile picha yake. Akamgeukia chifu, mtu wa serikali, amwokoe.

Mzee Kiprotich alivua kofia yake yenye nembo, akaipangusa vumbi. Kisha akavuta kiti chake cha plastiki kutoka hemani, akakipeleka juani walipokuwa wakazi, akakaa.

"Boss, rudi ukae," alisema. "Huu mkutano haujafungwa. Joan, mlikuwa mmefika wapi?"

Joan alisimama.

"Tulikuwa tumefika kwa udongo."