Rozalia Aliyerudisha Maswali

Mwaka 1956 Matilda Kalinga alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya misheni mjini Iringa. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Rozalia, binti wa Liberatus, fundi seremala wa mtaa wa Mlandege. Alikuwa na miaka tisa, si kiziwi wala si bubu. Ukimwuliza, "Unataka maji?" naye hujibu, "Unataka maji?" huku akitazama ukuta. Walimu wengine walisema ni kiburi. Mwalimu mkuu alimchapa mara mbili, kisha akaacha, maana hakuona mabadiliko.

Matilda ndiye aliyegundua kwamba kila aliporudisha swali hilo, mtoto alikuwa na kiu kweli. Hakuwa akimdhihaki mtu. Aliyachukua maneno kama yalivyomfikia. Basi Matilda akaacha kumwuliza. Alishika kikombe, akasema mwenyewe, "Nataka maji," akangoja. Siku ya kumi na moja Rozalia alisema, "Nataka maji," akanywa, akaenda zake. Matilda akakata boksi la sabuni vipande vipande, akachora sahani, mlango, blanketi, tumbo, sikio, na kila picha akaifundisha na sentensi yake.

Muhula wa pili Rozalia alianza kupiga mayowe. Aligonga kichwa kwenye dawati na kujing'ata mkono, wiki nzima. Liberatus akaja shuleni kuaga. Alisema anampeleka Chunya kwa mganga aliyeelekezwa na ndugu zake, na mizigo iko tayari. Matilda hakubishana naye. Aliomba dakika chache tu, akaweka vile vipande mezani mbele ya mtoto, akasema, "Inaniuma." Kisha akaketi. Liberatus naye akakaa, kofia magotini.

Rozalia kwanza alivipanga kwa safu, kama kawaida yake. Halafu akachukua kimoja.

"Sikio inaniuma," alisema. "Inaniuma ndani."

Liberatus akamgeukia mwalimu. "Hayo amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe, Baba Rozalia."

Kwenye zahanati, dresa, yaani mhudumu wa vidonda, alitoa sikioni punje ya haragwe iliyovimba, na usaha ukafuata. Siku ya tatu mayowe yalikwisha. Safari ya Chunya ikafa.

Hata hivyo Rozalia hakugeuka mtoto mwingine. Wazee walimpa njiani "kamwene", salamu yao ya Kihehe, naye akawapita kimya. Kusoma alijua haraka, kuliko wenzake wengi, lakini hadithi zilimchosha.

Mwaka 1958 Liberatus alipata kazi Mbeya, akahama naye. Baada ya miezi mitano barua ilimfikia Matilda. Liberatus aliandika kwamba binti ameanza kuuliza mama yake yuko wapi. Mama huyo alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na wakati ule mtoto hakusema neno, hivyo wote walidhani hakuelewa. Sasa anauliza kila asubuhi, na yeye baba hajui amjibu nini.

Matilda aliisoma mara mbili. Akamjibu amweleze kweli, kwa maneno machache, na ampeleke kaburini akalione.