Nyota Tano kwa Mashine Isiyoshona

Jumanne saa tisa alasiri, Mathilde aliweka mashine yake mpya ya kushonea juu ya meza, akatunga uzi, akapitisha kipande cha kitambaa cheupe chini ya sindano, akazungusha gurudumu. Sindano ilipanda na kushuka vizuri kabisa. Alipokitoa kitambaa alikuta mstari ulionyooka wa matundu madogo, na hakuna hata mshono mmoja. Alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akaigeuza mashine tumbo juu akaitia mafuta, akajaribu tena. Matundu yakawa safi zaidi.

Mashine hiyo alikuwa ameishinda Jumamosi katika mnada wa simu wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, baada ya kuwapiku washonaji wawili. Muuzaji alikuwa Papa Godefroid wa nyumba ya kona, mtu wa sifa, na alikuwa ameandika, "Mashini muzuri, inakimbia." Kukimbia ilikimbia, kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Mathilde aliiuza mashine yake ya zamani ili aipate hiyo. Juu ya kiti palikuwa na vitambaa vya sare kumi na nne za kwaya, ambazo Christiane, kiongozi wa kwaya, alizitaka Jumapili asubuhi, la sivyo kazi zote za parokia zingekwenda kwa fundi mwingine. Mathilde hakuwa na kazi nyingine.

Asiyekaa Kikula inafaa aelezwe habari ya nyota. Katika mnada ule mnunuzi na muuzaji wakishamalizana, kila mmoja humpa mwenzake nyota, moja hadi tano, pamoja na maneno mawili matatu. Tangu mvua za mwaka jana, kabine ya umeme ya mtaa, yaani transfoma, ilipoungua, nyota hizo zilianza kufika nyumbani. Ukipewa tano, tano zinatokea chini ya paa lako, kila moja kama punje ya mahindi, zinang'ang'ania boriti na kuwaka usiku na mchana. Hakuna aliyeuliza zinatoka wapi. Watu walijaribu tu kama zinaweza kuchaji simu, wakaona haziwezi, wakasikitika, wakaendelea na shughuli zao. Kabine haikutengenezwa, kwa kuwa wakubwa walipita wakaona mtaa una mwanga.

Mathilde alikuwa na nyota kumi na tisa, alizozipata kwa kuuza aproni na foronya. Chumba chake kilibanwa na ukuta wa jirani, jua halikukifikia hata adhuhuri, na alishona kwa mwanga wa nyota hizo tu. Papa Godefroid alikuwa nazo elfu moja na mia tatu. Mwanga wake ulipenya kwenye matundu ya ukuta ukafurika barabarani, na mtaa mzima ulikuwa umeleta mabenchi. Wanafunzi walifanyia kazi zao hapo, Maman Eugénie alisuka watu nywele hapo, wauza ndakala walipimia samaki wao hapo. Mwenyewe Godefroid alilala amejifunika koti usoni.

Nyota zilikuwa na adabu zake, na aliyezilinda ni Papa Tshimanga, msimamizi wa mnada, karani mstaafu wa mgodini ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai na mkataba mfukoni. Alikuwa akisema, "Nyota tano ni salamu. Muntu akikupitia, unamusalimia. Hauanze kumuangalia viatu." Ukitoa nne, watu waliuliza mmegombania nini. Na kama kitu ulichonunua ni kibovu, basi ulitoa tano zako, ukaandika "haiko mubaya," na kila mtu wa Likasi alijua kwamba umeliwa. Ndivyo watu waliolelewa vizuri walivyolalamika.

Mathilde alilelewa vizuri. Kwanza alikwenda kwa Godefroid mwenyewe, uso kwa uso, akiwa na kile kipande chenye matundu. Alipewa kiti. Godefroid alikiinua kitambaa kwenye mwanga wake, akakitazama kwa makini, akamrudishia.

"Maman, mashini ni sawa bibi-arusi," alisema. "Ku nyumba mupya inasikia haya. Uipatie siku."

"Papa, haikamate uzi ya chini."

"Itakamata. Ila nyota yangu sijaona bado."

Jumatano asubuhi Mathilde alitoa nyota tano na kuandika, "Mashini haiko mubaya." Alitegemea kwamba Godefroid atasoma, ataona aibu, ataita fundi. Lakini nyota hazikuzaliwa Likasi, zilisoma kama ilivyoandikwa. Tano zikatua chini ya paa la kona, benchi la mwisho likapata mwanga, na mchana ule ule Godefroid akaweka mnadani mashine ya pili, ndugu yake ile ya kwanza.

Alhamisi alijaribu tena, na kipande cha tatu cha kitambaa cha akiba kikaharibika. Mathilde alikaa akikitazama, chote kimetobolewa kama kichujio, na hasira ikampanda. Aliipenda kwaya ile. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwahi kumchafulia mtu jina. Alichukua simu, akaondoa nyota nne, akaacha moja, akafuta maneno ya adabu, akaandika: "Inatoboa, haishone."

Nyota zake nne zilizimika kwenye kona, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Kisha zikafuata nyingine. Zote zilizokuja na maneno "haiko mubaya" zilikuwa kama zimetafsiriwa, zikaelewa zilichotumwa kusema, zikaanza kuzimika moja moja, bila haraka. Wauza ndakala walizihesabu kwa sauti. Zilizimika mia tisa na sitini. Watu wa mabenchi walitazamana, maana zaidi ya nusu ya mwanga waliokuwa wakiukalia ulikuwa malalamiko yao wenyewe: redio isiyoshika kituo, godoro lenye kunguni, pasi ya Maman Eugénie iliyochoma gauni la ubatizo. Kwa muda wa kama dakika moja hivi, kila mmoja alijua kwamba na mwenzake aliibiwa. Halafu mwanafunzi mmoja akasema haoni daftari lake.

Jioni hiyo Papa Tshimanga na Maman Eugénie walikuja kwa Mathilde. Hawakuja na ukali. Eugénie alileta hata bakuli la mahindi ya kuchemsha.

"Maman Mathilde," alisema Tshimanga, "siye bote tunajua. Hakuna mwenye hajue."

"Kama munajua, juu ya nini munakuya kwangu? Muende kwake."

"Kwake tutasema nini? Azime?"

Eugénie alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ile pasi ilinichomea nguo ya ubatizo ya mutoto wa mukubwa, nililipa na machozi," alisema. "Lakini leo nilisuka mutu moja, nikapotea njia mu kichwa yake. Hii batoto iko na examen, Maman. Weye utabapatia mwangaza?"

Mathilde alitazama nyota zake kumi na tisa kwenye boriti. Alitaka kuwaambia kwamba mwizi akiiba taa yako akaja akuwashie, bado ni mwizi. Hakulisema, kwa sababu simu yake ililia. Godefroid naye alikuwa ametumia haki yake, maana muuzaji pia hupima mnunuzi. Alikuwa ametoa nyota moja na kuandika, "Huyu mama iko na kinywa."

Nyota zilikuwa salamu, na mwenye kinywa hasalimiwi: zile kumi na tisa zikazimika mbele ya wageni. Ile moja aliyopewa ilifika, ikawaka kidogo kama mtu anayekohoa, ikafa. Walibaki gizani watatu, wakisikia mvua ikianza kwenye mabati.

"Utoe ile maneno," sauti ya Tshimanga ilisema polepole. "Na usirudishe haiko mubaya. Ile tena haifae, uliiharibu. Uandike muzuri, muzuri yenyewe. Zingine zitajirudia."

Ijumaa Mathilde alijaribu kushona kwa mkono mlangoni pake. Mawingu yalikuwa chini, mvua ilirusha matone mpaka kizingitini, na kitambaa cha kwaya kilikuwa cheupe. Hadi saa nane alikuwa amemaliza mkono mmoja wa sare moja, nao ulipinda. Christiane alituma ujumbe wa sauti akiuliza kama kazi inaendelea, akaongeza kwamba yule fundi wa mjini naye ni mtu wa sala. Mathilde aliusikiliza mara mbili. Kisha akafuta, akatoa nyota tano, akaandika, "Mashini iko muzuri sana. Aksanti, Papa Godefroid." Alilia akiandika, si kwa huzuni, bali kwa uchungu wa kujiona akidanganya.

Nyumba ya kona iliwaka yote, na Godefroid, muungwana, akamrudishia Mathilde nyota moja. Haikutosha hata kutafutia kiatu. Akabeba vitambaa vyake akaenda kwenye mabenchi. Walisogea, wakampisha mahali pazuri, mbele kabisa ya matundu ya ukuta, na mtu mmoja akamtandikia kanga juu ya benchi lililolowa. Alishona kwa mkono, usiku kucha, mpaka vidole vikavimba, na Jumamosi saa kumi jioni alikuwa na sare tisa.

Ndipo alipofika msichana mmoja amebeba mfuko mgongoni, miguu imejaa tope la njiani, akiuliza Maman Mathilde ni nani. Walimwonyesha. Alijitaja kuwa ni Jaël, wa Kapolowe, ameuza mahindi yake yote ya mwaka huu ili ajifunze kushona, na mnada wa ile mashine ya pili unafungwa saa kumi na moja.

"Maman, nilisoma ba avis yote, ile maneno ya banunuzi, moja moja," alisema, akichuchumaa mbele yake kwa heshima. "Bengi banaandika haiko mubaya, haiko mubaya. Na minye najua ile maana yake. Weye peke yako njo uliandika iko muzuri sana. Nikasema, huyu mama haogope kusema kweli. Njo ile inanileta."

Kitana cha Maman Eugénie kilisimama katikati ya kichwa cha mtu. Wanafunzi waliinamia madaftari. Papa Godefroid alikuwa mlangoni pake na kikombe cha chai, akamsalimu mgeni kwa kichwa.

"Nishikie mukono, Maman," alisema Jaël. "Uniambie tu. Inashona?"

Mathilde aliushika, akamtazama. Mkono wa yule msichana ulikuwa mgumu wa jembe. Zilibaki sare tano, na Jumapili ilikuwa kesho.

"Inashona, mutoto wangu."

Kabla mtu hajagusa simu, nyota moja ikatokea ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Mathilde, kubwa kuliko zile nyingine. Jaël alishukuru kwa mikono miwili, akatoa simu, akapandisha bei. Mathilde akalowesha ncha ya uzi mdomoni, na kwa mwanga ule mpya akalipata tundu la sindano kwa mara moja.