Laini Ni Jibu la Mwanagenzi

Watu wengine wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, walijivunia njiwa wao wa mashindano au kwaya ya kanisa lao. Hartley Sugden alijivunia vidole. Miaka arobaini na mitatu alikuwa mchambuaji wa sufu: manyoya ya kondoo mzima yanatandazwa mezani chini ya dirisha la kaskazini, naye anayapapasa na kuyatenga, ya begani huku, ya pajani kule, ya tumboni kapuni. Mtu wa kazi hiyo hashiki sepetu wala habebi makaa, maana vidole vikiota sugu amekwisha. Hata masufuria nyumbani aliyasugua Edna, bintiye, na akiugua yalimsubiri apone.

Edna alikuwa kiwanda kimoja na baba yake, ghorofa ya chini, pamoja na wanawake wanaotililia kwa sindano vitambaa vilivyotoka na kasoro. Juu kwenye uchambuzi wanawake hawakutakiwa. Chama cha wachambuaji kilikata shauri hilo zamani, na katibu wake, mzee Clegg, alilikumbusha kila mkutano kana kwamba kuna aliyesahau. Lakini tangu Edna akiwa na miaka saba baba yake alimfumba macho mezani, akamwekea kishungi cha sufu kiganjani.

"Hiki?"

"Ororo, baba."

"Nani kakufunza uvivu? Papasa vizuri."

"Nyororo."

"Haya, kula mkate wako."

Maana kwa wachambuaji, laini halikuwa neno la kujibia. Sufu ororo huteleza, hata kuishika ni taabu. Nyororo ukiipinda hurudi. Teketeke ukiibonyeza hushuka, na haina haraka ya kuinuka. Legevu ni ya kondoo aliyeugua wakati wa kipupwe. Halafu kuna anana, ambayo huiguzi. Ni yenyewe inayokuguza, na mchambuaji akiipata hunyamaza kidogo. Aliyesema "laini" basi alikuwa mwanagenzi, na alichekwa.

Vuli ya mwaka wa hamsini na moja akaja Bwana Pelham, kijana mpole wa kusini, kutoka kwenye nyumba inayotunga kamusi. Ukurasa wa laini alikuwa nao tayari: laini ya sauti, ya maji, ya mwanga, ya moyo, na ya kichwa pia, kwani huku kwetu mjinga huitwa laini. Yale maneno matano ya wachambuaji, mkubwa wake aliyapiga mstari mwekundu. Yote maana moja, aliandika pembeni, tupa.

Kamusi ingekwenda mtamboni wiki iliyofuata. Nyingine ingetungwa baada ya miaka arobaini, na kiwanda kilikuwa kimeshanunua mashine ya kupima sufu. Mwanagenzi wa mwisho aliajiriwa kabla ya vita. Maneno yasipoingia sasa, yangezikwa pamoja na kina Sugden. Mzee alilijua hilo, na lilimnyima usingizi.

"Nitayathibitisha," alimwambia Pelham. "Leta vishungi kumi na viwili, vipe namba, nifunge macho. Nitavitaja. Vichanganye, nitavitaja tena. Majibu yakiwa yaleyale, mkubwa wako aufute huo mstari wake."

Wakapatana Jumatatu, saa ya chakula. Pelham alialikwa chai nyumbani Jumapili, na hapo ndipo Sugden alipojiponza. Jumamosi Edna akiwa sokoni, mzee aliutazama ukuta wa choo cha uani, akaona aibu, akachukua ndoo ya chokaa.

"Baba! Mikono mitupu?"

"Mgeni wa kamusi akute choo cha watu gani? Nimetumia brashi."

Alitumia brashi, ndiyo. Pembeni isikofika, alitumia vidole.

Jumatatu Edna alipanda na birika la chai, akasimama mlangoni maana hapo ndipo mwisho wake. Vishungi vilikuwa vimepangwa mezani. Clegg alikuwa kwenye stuli akitafuna mkate wenye mafuta ya nyama.

"Taratibu, Sugden. Ukikosea, mgeni atasema sote tuna vichwa laini."

"Wewe chako hakihitaji ushahidi."

Duru ya kwanza ikapita. Duru ya pili, kishungi cha tatu, mzee akakawia. Akakisugua, akakibadilisha mkono. "Teketeke," alisema.

Kalamu ya Pelham ikasimama. "Awali ulikiita anana, bwana."

Sugden akavua kitambaa machoni, akaitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimekauka na kupasuka.

"Maneno hayakukosea," alisema. "Nimekosea mimi. Nilipaka chokaa juzi."

"Chokaa!" Clegg aliruka. "Mchambuaji mzima! Umelogwa?"

Clegg mwenyewe hakuweza kumsaidia. Baridi yabisi ilikwishavikunja vidole vyake. Mchambuaji wa tatu, na wa mwisho, alikuwa hospitali. Pelham alikunja karatasi zake kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Edna kuliko dharau. Akaweka birika sakafuni. Akavuka kizingiti.

"Nifungeni macho mimi."

"Edna, mama," alisema Clegg, "wewe ni mtu wa ghorofa ya chini."

"Ngazi nimezipanda kwa miguu yangu, mzee Clegg. Mnanifunga au nijifunge?"

Sugden hakumtazama Clegg. Alimfunga bintiye kitambaa, akakaza fundo vizuri, kisha akarudi nyuma mikono mfukoni.

Edna aliogopa kwa vishungi viwili. Kwenye cha tatu alisahau kuogopa. Nyororo. Legevu. Ororo. Anana, na hapo akanyamaza kidogo. Kumi na viwili, bila kurudi nyuma. Pelham akavichanganya, akavichanganya tena, na duru ya pili majibu yakaja yaleyale, namba kwa namba, mpaka kishungi cha mwisho alipokunja uso.

"Hiki ni nyororo. Lakini ni kilekile nilichoshika sasa hivi, cha pili kutoka mwanzo. Umekichana vipande viwili."

Pelham akaona haya. "Vilikuwa kumi na kimoja tu. Nilitaka vitimie."

Clegg aliacha kutafuna.

Kijana akachomoa vijikaratasi vitano, akaandika haraka, neno moja kila kimoja, kisha akafikia mstari wa chini. "Huwa tunaandika jina la shahidi na kazi yake. Edna Sugden. Kazi, fundi wa kutililia?"

Sheria ya chama Sugden aliiapia akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Alimgeukia Clegg, na Clegg akauweka mkate wake chini.

"Futa hiyo," alisema katibu. "Andika mchambuaji wa sufu. Na uandike upesi, kabla sijapata akili."

Edna alihisi machozi, na hakuona sababu ya kuyaficha. Baba yake alikuwa ameshainama juu ya bega la Pelham, akiifuata kalamu herufi kwa herufi.

"Koleza wino, bwana," alisema. "Huyo ni binti yangu."